Mimi ni seremala, si mhubiri: tujiandaeje kwenda kutumika Malawi?

Swali la msomaji:

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi seremala hapa Mafinga, nina miaka kumi na miwili kwenye kazi hii. Mke wangu ni fundi cherehani na anatengeneza batiki. Usharika wetu umetuomba twende Karonga, kaskazini mwa Malawi, miaka miwili, tutumike pamoja na kanisa la kule. Tatizo langu ni kwamba sijui kuhubiri. Nikisimama mbele za watu maneno yananikauka mdomoni. Gitaa napiga kidogo, kwaya ikinihitaji. Je, kazi ya mikono yetu inatosha kuitwa umisionari? Na kama inatosha, tujiandaeje, tubebe nini, na karakana yangu ya hapa niiuze?

Jibu:

Amina, ndugu fundi. Inatosha. Akila na Prisila, mume na mke waliomkaribisha Paulo kule Korintho, walikuwa mafundi wa mahema, na Paulo alikaa kwao kwa sababu kazi yao ilikuwa moja (Matendo 18). Ila msifunge mizigo bado. Kazi ya mikono ina masharti ambayo mahubiri hayana: inataka malighafi, mteja, kibali, na mtu wa kuirithi. Kimoja kikikosekana, hata fundi hodari anakaa bure.

Ninyi wa Nyanda za Juu Kusini mnawajua Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891. Miaka zaidi ya 150 kabla ya hapo, mwaka 1732, wamisionari wao wawili wa kwanza walitoka Herrnhut, Ujerumani, wakaenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi kuwafikia Waafrika waliokuwa watumwa mashambani. Leonhard Dober alikuwa mfinyanzi, David Nitschmann seremala. Dober hakupata udongo wa kufaa ufinyanzi wake. Useremala wa Nitschmann ndio uliowalisha wote wawili, na Nitschmann aliporudi Ulaya miezi michache baadaye, Dober ikabidi atafute kazi nyingine kabisa. Hakuwa mvivu; udongo ulimkataa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mnajua nini, ulizeni kule kuna mbao gani, nani anazifanyia kazi tayari, na nani ana fedha ya kununua meza.

Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa simu. Usharika ulipie safari ya siku kumi hadi kumi na nne, ninyi wawili pamoja, bila vifaa na bila ahadi. Kutoka mpaka wa Kasumulu, ukivuka mto Songwe, Karonga ni kama kilomita 50 tu, kwa hiyo gharama si kubwa. Fika kwenye karakana za maseremala wa pale kabla hujaingia ofisi yoyote ya kanisa. Kaa nao. Uliza bei ya mbao ya 1x8 (inchi 1 kwa inchi 8) ya futi 12, imetoka wapi, imekatwa lini, gundi gani inapatikana, umeme unakatika mara ngapi kwa wiki, msumari kilo moja ni kiasi gani. Tazama wanatengeneza nini kwa wingi na nini hawatengenezi. Mkeo afanye hivyo hivyo sokoni na kwa mafundi cherehani: kitenge kinauzwaje, cherehani zikiharibika zinapelekwa kwa nani, sare za shule zinashonwa na nani.

Usidhani unakwenda mahali pasipo ufundi. Huko Khondowe, juu ya mlima upande wa kusini mwa Karonga, misheni ya Livingstonia ilianzisha chuo cha Overtoun mwaka 1894, na useremala, ujenzi na uchapaji vilifundishwa pale tangu siku za mwanzo. Kuna familia za kaskazini mwa Malawi ambazo randa imekaa ndani ya nyumba vizazi vitatu. Ukifika na vifaa vya msaada ukaanza kuuza viti kwa bei ya chini kuliko wao kwa sababu posho yako inatoka Mafinga, umewanyang'anya chakula, na hakuna ibada ya asubuhi itakayofuta jambo hilo. Kanuni yetu hapa ni ngumu: karakana ya kanisa isiuze kitu chochote chini ya bei ya mafundi wa mtaa. Iuze bei ileile, au ya juu kidogo kwa kazi bora, na ielekee kwenye vitu ambavyo wao hawavifikii, kama madawati ya shule kwa wingi, madirisha na milango ya vipimo sahihi, au vitanda vya zahanati.

Sasa karatasi. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000, na huo ndio mwanzo tu. Ruhusa ya kuingia Malawi kama mgeni hairuhusu kufanya kazi, hata ya kujitolea, hata ya kanisa. Kanisa mwenyeji ndilo linalopaswa kuwaombea kibali cha ajira cha muda katika idara yao ya uhamiaji, kwa barua ya mwaliko, vyeti vyenu vya ufundi na cheti cha tabia njema cha polisi. Anzeni miezi sita kabla. Kwenye fomu andikeni kazi mtakayofanya kweli: mkufunzi wa useremala, mkufunzi wa ushonaji. Watu huandika "mwinjilisti" kwa kudhani ni rahisi, kisha ofisa anapita karakanani anamkuta mwinjilisti ameshika msumeno anapokea oda. Hilo ni kosa la kisheria na ni uongo, na aibu yake inaliangukia kanisa mwenyeji litakalobaki pale ninyi mkisharudi.

Pamoja na kibali, dai mkataba wa pande tatu: usharika unaotuma, kanisa linalopokea, na ninyi. Uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Mambo matatu yasiachwe hewani humo ndani: vifaa ni mali ya nani siku mnapoondoka, fedha ya mauzo inaingia akaunti gani na nani wanasaini, na nani ana haki ya kukupa kazi. Hili la mwisho ndilo linalovunja watu. Bila kuandikwa, mchungaji atakuomba kabati, mzee wa kanisa mlango, mwenyekiti wa kina mama meza ya jikoni, wote wakiamini ni huduma, na baada ya miezi minne una deni la mbao kwa muuzaji na hujafundisha mtu yeyote. Iandikwe kwamba oda zote, hata za mchungaji, zinaingia kwenye daftari moja na malipo ya awali ni nusu.

Kwenye suala la fedha, msijipe matumaini ya kujitegemea mara moja. Miezi sita ya kwanza karakana haitawalisha. Usharika uahidi posho kamili ya mwaka mzima, halafu ipungue kidogo kidogo mwaka wa pili. Na msirundike akiba kwa kwacha. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa mkupuo, na aliyekuwa ameweka fedha ya mbao benki aliamka hana mbao. Fedha ya karakana ikae kwenye mbao zilizopangwa na kukaushwa. Mbao kavu inapanda thamani ikiwa imelala.

Hapo ndipo tunafika kwenye kazi yako yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Mbao utakazozikuta nyingi ni paina, ileile unayoifahamu ya Sao Hill. Kule inatoka msitu wa Chikangawa, kwenye nyanda za Viphya, kusini mwa Mzuzu. Mninga nao upo, wanauita mlombwa. Usinunue bila risiti na alama za leseni, hata ukiletewa kwa bei ya kutupwa. Tofauti kubwa ni hewa. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na ina baridi. Karonga iko kando ya ziwa, takriban mita 500, na joto lake ni la kweli. Mbao mbichi iliyokusamehe Mafinga haitakusamehe Karonga. Chukua ubao wa paina wa upana wa sentimita 25 wenye unyevu wa asilimia 24, utengenezee uso wa meza, uuweke kwenye nyumba ya bati kule Septemba. Utashuka hadi kama asilimia 12, na utasinyaa karibu milimita 7. Ukiwa umegongelea misumari pande zote mbili, utapasuka katikati, na mteja atasema fundi wa misheni ni mwongo.

Kausha mwenyewe. Panga mbao juu ya matofali, sentimita 40 kutoka ardhini, chini ya bati lakini kuta ziwe wazi. Kati ya safu na safu weka vipande vya fito vya milimita 25 kwa 25, kila baada ya sentimita 60, na fito za safu zote zisimame kwenye mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Zikipishana, mbao zitapinda kama ulimi wa ng'ombe. Paka ncha za mbao rangi ya mafuta ili zisipasuke. Weka mawe mazito juu. Ubao wa inchi moja utahitaji miezi miwili hadi mitatu ya kiangazi, masika zaidi. Usikisie ukavu kwa kugusa. Kata kipande cha sentimita 2 kutoka katikati ya ubao, kipime kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, kikaushe kwenye oveni isiyo na moto mkali, kama nyuzi 103, hadi uzito usibadilike tena. Ikiwa kilikuwa gramu 62 na kimekwama kwenye 50, maji yalikuwa gramu 12, gawanya kwa 50, unapata asilimia 24. Bado. Subiri ifike 12 hadi 14 ndipo utengeneze samani.

Mchwa wa kule hawana huruma na paina. Kwa vitu vya ndani ya nyumba, dawa ya boroni inafaa: sehemu moja na nusu ya borakisi kwa sehemu moja ya asidi ya boriki, jumla kilo 1 kwenye lita 9 za maji ya moto. Chovya mbao zikiwa bado mbichi, zifunike kwa turubai wiki mbili au tatu ili dawa ipenye, ndipo uzipange kukauka. Mvua huiosha dawa hii, kwa hiyo isitumike kwa nguzo za nje. Mbao za kijani zilizotiwa dawa kiwandani utumie kwenye paa tu, na vipande vyake visiingie jikoni kamwe; moshi wake una sumu, na wanawake wa jirani wataviokota kama kuni usipovizika.

Kazi ya kwanza utakayoombwa ni mabenchi ya kanisa. Kwa watu wazima watano urefu ni mita 2.4, kimo cha kikalio sentimita 44, kina sentimita 38 hadi 40, egemeo lilale nyuma kama nyuzi 10. Kwa benchi moja hesabu mbao mbili za 1x8 za kikalio, moja ya 1x6 ya egemeo na tatu za 2x3 za miguu na kiungio cha chini, zote za futi 12. Weka jozi tatu za miguu, siyo mbili. Benchi za makanisa huvunjika sehemu moja: pale mguu wa nyuma unapokutana na kikalio, kwa sababu fundi alitegemea misumari. Weka kiungo cha ulimi na tundu pale, na kiungio kirefu cha chini kinachoshika miguu yote, nayo itadumu kuliko wewe na mimi. Vikalio viwili vya 1x8 viachane milimita 5, ili vikitanuka masika visisukumane.

Kazi ya pili haitaombwa mchana. Watakugongea saa nane za usiku wanataka jeneza. Seremala akiwa mali ya kanisa, jamii itaamini jeneza ni bure, na huwezi kuwa na mazungumzo ya bei mlangoni kwa mtu aliyefiwa. Kwa hiyo zungumza na wazee kabla, mwezi wa kwanza: jeneza litatolewa kwa bei ya mbao tu, au kanisa litakuwa na mfuko wake, na nani anaidhinisha. Weka kando mbao sita za 1x10 za futi 12, kavu, zilizorandwa, zisizoguswa kwa kazi nyingine. Zinatosha jeneza la mtu mzima wa mita 1.9, mabega sentimita 60, pamoja na mabaki. Ukitumia seti moja, irudishe wiki hiyohiyo. Fundi ambaye jeneza liko tayari kabla ya saa moja asubuhi, limepigwa msasa, halina kichwa cha msumari kinachokwaruza mikono ya wabebaji, amesema maneno ambayo wewe uliogopa kuyasema mbele za watu. Na uende msibani. Usiishie kutuma jeneza.

Vifaa: beba vya mkono kwanza. Umeme wa Malawi unategemea sana mto Shire, na kimbunga Ana cha Januari 2022 kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira, nchi ilikaa na upungufu kwa muda mrefu. Jenereta haisaidii wiki ambazo mafuta hayapo. Randa mbili, ndefu na fupi. Misumeno miwili, wa kupasulia na wa kukatia. Patasi za milimita 6, 12, 18 na 25. Skwea, futi, keekee na visu vyake, nyundo, tupa za kunolea msumeno, klampu sita, na kioo nene cha sentimita 20 kwa 30 cha kunolea juu yake kwa msasa wa maji namba 240, 400, 800 na 1,200. Mashine moja tu ya umeme inastahili gharama ya mwanzo, nayo ni ya kuchana na kuranda kwa pamoja. Usiibebe kabla hamjatimiza miezi sita kule. Plagi na volti ni zilezile za kwetu. Andika orodha ya kila kifaa, namba yake na thamani yake, nakala tatu, na uigongee muhuri forodhani mkitoka Tanzania na mkiingia Malawi. Bila hiyo orodha, siku ya kurudi utalipia ushuru vifaa vyako mwenyewe.

Wanafunzi wasizidi wanne. Kanisa litataka ishirini ili ripoti ipendeze. Kataa kwa heshima. Watu ishirini wenye patasi nne hawajifunzi useremala, wanajifunza kusubiri. Wiki mbili za kwanza hakuna kutengeneza kitu: kunoa tu. Pembe ya nyuzi 25 kwa jiwe, ncha nyuzi 30 kwa msasa, hadi patasi inyoe nywele za mkono. Wengi wanaoshindwa useremala hawakushindwa kazi, walikuwa na chuma butu. Halafu kupima na kukata kwa mstari, kisha kila mmoja atengeneze sanduku la vifaa vyake kwa viungo vya kweli. Sanduku hilo lijazwe kifaa kimoja kimoja kadiri anavyofuzu hatua, nusu ya bei akikatwa kwenye mauzo ya kazi zake. Kifaa cha bure huuzwa njaa ikigonga, alichokilipia anakilinda. Mwanafunzi aliyefikia kiwango umpeleke kwenye mtihani wa ufundi wa TEVETA, ambayo kule ndiyo wenzao wa VETA yetu, ili cheti chake kitambulike hata kama jina lako limesahaulika.

Na umchague mmoja mapema, mwezi wa tatu au wa nne wa kukaa kule, wa kumwachia nafasi yako. Mpe daftari la hesabu mwaka wa kwanza ukiwa bado upo kumsahihisha. Miezi mitatu ya mwisho wewe uwe msaidizi wake, akuagize mbao za kuranda.

Upande wa mkeo. Cherehani ya kukanyaga kwa mguu ndiyo ya kubeba, kwa sababu ileile ya umeme. Butterfly au Singer za kawaida zina vipuri kila soko. Sindano namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi na turubai, pakiti za kutosha, kwa kuwa sindano butu ndiyo inayoruka mishono na watu hulaumu mashine. Mikanda miwili ya akiba, boksi za bobini, mafuta ya cherehani. Ajifunze kabla ya kuondoka kurekebisha sindano na ndoano zikutane kwa wakati. Fundi anayetengeneza cherehani za wenzake hupendwa upesi kuliko anayeshindana nao kwa magauni.

Jambo moja ambalo mke wa fundi anaweza kulifanya na wewe huwezi ni taulo za kike za kufua. Wasichana wa vijijini hukosa shule kwa ajili ya hili, na mafundi wa mtaa hawashoni kwa sababu hakuna aliyewaomba. Kila taulo iwe na urefu wa sentimita 24 hivi, upana wa kati 7, mabawa yenye kifungo cha kubana. Ndani weka tabaka tatu au nne za flaneli au taulo la pamba, juu pamba laini, chini kitambaa kisichopitisha maji. Kikikosekana, cha mwavuli kinafaa. Tano kwa kila msichana na kimfuko. Mafundisho ndiyo muhimu kuliko mshono: zifuliwe kwanza kwa maji baridi, maana ya moto hugandisha damu, na zianikwe juani. Wengi huzificha chini ya godoro kwa aibu, zinaota ukungu, zinaleta muwasho, na mradi mzima unaambiwa ni mbaya. Azungumze na akina mama wakubwa kwanza, awaache wao wawafundishe mabinti.

Batiki iende taratibu. Nta ya paraffini peke yake hupasuka kama ganda la yai; changanya nusu kwa nusu na nta ya nyuki kupata mistari iliyotulia. Iyeyushe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji, na ikiwaka moto ifunike kwa mfuniko, usiimwagie maji kamwe. Kostiki soda humwagwa kwenye maji kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki inachemka ghafla na kurukia macho. Glavu na sufuria zisizopikiwa tena chakula. Maji yaliyotumika yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima. Ziwa lile ni la samaki wao. Na michoro iwe ya kwao. Hakuna haja ya twiga na Mmasai kwenye kitambaa cha mwanamke wa Karonga. Aangalie mikeka na vyungu vya pale, aulize maana kabla ya kuchora.

Gitaa lako lipumzike mwanzoni. Makwaya yetu hupenda kupeleka nyimbo zao zilizofanikiwa Mbeya na Iringa, na wenyeji kwa adabu hujifunza, kisha nyimbo zao wenyewe zinakaa kimya. Kaa nyuma, usikilize mwaka mzima. Wakitunga wimbo wao, wewe uurekodi: simu kwenye hali ya ndege, mita mbili kutoka kwa waimbaji, chumba chenye mapazia au mikeka, siyo ukumbi mtupu wa bati. Hapo umetumika.

Lugha: Kiswahili kitakufikisha sokoni Karonga, lakini msibani hakitoshi. Kingonde cha pale ni ndugu wa Kinyakyusa, kwa hiyo kama una rafiki wa Tukuyu au Kyela, anza naye sasa. Chitumbuka mtakihitaji mkienda kusini zaidi.

Kingine ambacho hakionekani kama umisionari ni siku ya ahadi. Sisi mafundi tunafahamika; "njoo kesho" yetu imekuwa methali ya watu. Pima uwezo wenu: mkeo akiweza magauni sita kwa wiki, oda ya saba iende wiki inayofuata, na za Krismasi zifungwe tarehe 10 Desemba. Ukisema Ijumaa, iwe Ijumaa, na ukichelewa tuma mtu kabla mteja hajaja. Huduma yenu isiwe na sharti la kusali kwenu. Mwislamu akileta kiti, au mtu asiye na dini, apate bei ileile na siku ileile. Wakiuliza kwa nini mnafanya hivyo, na watauliza, hapo maneno hayatakukauka, kwa sababu mtakuwa watu wawili mmekaa kwenye benchi.

Afya kwa kifupi: mnashuka kutoka kwenye baridi kwenda kwenye malaria. Vyandarua vyenye dawa kwa wote, na homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24, isisubiri panado.

Kuhusu karakana ya Mafinga: usiiuze. Fundi aliyeuza kila kitu hushindwa kurudi hata pale anapopaswa kurudi, na akibaki kwa hofu ya umaskini, karakana ya kule haitapata mwenyeji wa kuirithi. Mkodishie kijana unayemwamini, kwa maandishi, kodi yake ikiwa ni kutunza vifaa na kulipa pango. Hesabuni vifaa pamoja kabla ya kuondoka, msaini wote wawili, nakala moja ibaki kwa mzee wa usharika. Vile unavyovipenda zaidi, randa ya baba au msumeno wa zamani, acha nyumbani umepaka mafuta na kufunga kwenye gazeti. Kule nunua vingine.